Treni ya moshi kwa watoto wa Lubumbashi

Lubumbashi na reli ni pacha. Njia iliyoanzia Cape Town ilifika Bulawayo mwaka 1897, ikavuka Zambezi juu ya daraja la Victoria Falls mwaka 1905, ikagusa Sakania mpakani mwa Kongo mwishoni mwa 1909, na mwaka 1910 kichwa cha kwanza cha treni kikaingia mahali ambapo viwanja vya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, vilikuwa ndiyo kwanza vinapimwa. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kwenye tanuri la Lubumbashi, kazi ambayo isingewezekana bila mashine na makaa yaliyokuja kwa mabehewa kutoka kusini. Kampuni ya reli ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ilibadilisha jina mara kadhaa, ikapita kwenye KDL na SNCZ hadi kuwa SNCC ya leo, na makao yake makuu yako Lubumbashi. Makomeno ulikuwa mtaa wa familia za watu wa reli, wenye mshahara wa reli na mazungumzo ya reli mezani. Pamoja na yote hayo, mzazi wa leo anayetaka kuwapandisha watoto wake treni ya moshi siku ya Jumapili, wasikie honi yake na wakohoe moshi wake kidogo, hana pa kuwapeleka. Hilo ni pengo, na linaweza kuzibwa. Mji huu unahitaji kipande kifupi cha reli na kichwa kimoja cha mvuke kinachotembea, katika bustani ambapo familia italipa tiketi, itacheza na kula. Na huo mchezo ambao wengi wataudharau ndio utakaoitunza historia kuliko jumba lolote la makumbusho lenye ukimya.

Bustani za namna hiyo zipo duniani, na historia ya mojawapo inafanana na ya Katanga kuliko mtu angedhani. Katika milima ya North Carolina, Marekani, kulikuwa na reli nyembamba iliyofika kwenye mgodi wa chuma wa Cranberry mwaka 1882. Kazi yake ilikuwa kuteremsha madini kwenda Johnson City huko Tennessee, na wenyeji wakaipa jina la utani la Tweetsie kutokana na mlio wa honi yake. Mafuriko ya Agosti 1940 yakaisomba sehemu ya juu ya njia, na mwaka 1950 kilichobaki kikafungwa. Kichwa namba 12, kilichotengenezwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1917, kikauzwa Virginia kwa watu waliotaka kubeba watalii, kimbunga cha 1954 kikaivuruga biashara hiyo, na mwigizaji Gene Autry akakaribia kukihamishia California. Mfanyabiashara wa kwao, Grover Robbins, ndiye aliyekirudisha nyumbani. Tarehe 4 Julai 1957 akakifungulia bustani karibu na mji wa Blowing Rock, na baadaye kikapata kizingo cha takriban kilomita tano cha kuzunguka mlima. Kingali kinafanya kazi. Karibu yake kuna michezo ya watoto, vibanda vya chakula na wanyama wa kufugwa ambao watoto huruhusiwa kuwashika.

Kwa ukali wa msomi, bustani ile ni kichekesho. Reli ya madini ya milima ya mashariki imevalishwa kofia za kikauboi. Abiria wanavamiwa na majambazi wa kuigiza, kana kwamba njia hiyo ilipita kwenye jangwa la magharibi. Lakini tujiulize kichwa namba 12 kingekuwa wapi bila kichekesho hicho. Vichwa vingi vya mvuke vya enzi yake vilikatwakatwa na kuuzwa vyuma chakavu. Hiki kimesalimika kwa sababu kila msimu kuna watoto wanaowavuta mikono wazazi wao kwenda kununua tiketi, na fedha hizo ndizo zinazowalipa mafundi. Bustani ina karakana yake, na katika karakana hiyo ujuzi wa kukarabati boila na kulainisha ekseli unapita kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Njia nyingine ya kufika hapo iko Wales, ambako reli ya Talyllyn, iliyokuwa ikibeba mawe ya kuezekea, iliokolewa mwaka 1951 na watu wa kujitolea, ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Nao pia iliwabidi waanze mapema kuuza tiketi kwa familia zilizo likizoni. Upendo wa mitambo pekee haujawahi kulipia boila jipya.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake, nao una nguvu na udhaifu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na mwaka 1971 Shirika la Reli la Afrika Mashariki likafungua humo jumba la makumbusho kando ya stesheni. Uani vimesimama vichwa vikubwa vya aina ya Garratt, vya daraja la 59, vilivyojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950: daraja zima lilikuwa na vichwa 34 vya tani zaidi ya 250 kila kimoja, vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hapakuwa na kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichovishinda nguvu. Kuna pia behewa ambalo ndani yake simba alimnyakua mrakibu wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Mtoto akiambiwa kisa hicho huku ameshika dirisha la behewa lenyewe, hakisahau. Hapo makumbusho yale yanashinda. Lakini kwa vichwa vya treni yanashindwa, na si kwa uzembe wa mtu. Kimoja au viwili viliwahi kuwashwa tena kwa safari maalumu. Siku za kawaida vyote vimelala. Mgeni anapanda ngazi ya chuma, anaona mikono ya shaba na vioo vilivyofifia, anapiga picha, anashuka. Ukimuuliza mtoto aliyetoka humo treni ya moshi ilikwenda kwa nguvu gani, atakujibu kwamba ilikuwa kubwa.

Kusimama na kutembea kuna tofauti kubwa katika kufundisha, na ili ieleweke hatuna budi kukisogelea kichwa chenyewe. Ndani yake kuna kisanduku cha moto, na kutoka humo yanapita mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji. Moshi wa moto hukimbia ndani ya mabomba hayo na kuyachemsha maji pande zote. Lita moja ya maji ikiwa mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita elfu moja na mia tano. Ikinyimwa nafasi hiyo, inasukuma. Kila aliyewahi kuona kifuniko kikirukaruka juu ya sufuria ya maji ya bukari ameshaiona kanuni hii. Hapa kifuniko kimefungwa kwa nguvu na mlango mmoja tu umeachwa, nao uko mikononi mwa dereva. Akiufungua, mvuke unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele, kisha unaingia upande wa pili na kuirudisha nyuma, na fimbo inalizungusha gurudumu. Mvuke uliokwisha kazi hautupwi hovyo. Unapelekwa chini ya dohani na kurushwa juu kwa kishindo, na kishindo hicho huvuta hewa mpya kupitia moto. Kwa hiyo treni inapopanda mlima na kuhema zaidi, moto wake wenyewe unachochewa zaidi. Kichwa chenye silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu linapozunguka, na mtoto wa miaka saba anaweza kuhesabu pumzi hizo kwa sikio na kujua kama treni inaongeza mwendo au inachoka. Jambo hilo haliandikiki kwenye kibao. Kichwa kilichosimama kimenyimwa moto, maji, sauti na joto, yaani kila kinachokieleza.

Kuna somo jingine ambalo chuma baridi hakiwezi kulitoa, nalo ni kazi. Kichwa cha mvuke hakiwashwi kwa ufunguo. Treni ikitakiwa kuondoka saa nne asubuhi, mtu lazima awe ameshafika kabla ya mapambazuko kutoa majivu ya jana, kuwasha moto mdogo na kuuacha ukue taratibu ili chuma kisipanuke kwa ghafla na kupasuka. Kisha atapita na kopo la mafuta, kiungo kwa kiungo. Njiani kuna watu wawili chumbani, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kulisha moto, na yule wa pili ndiye anayetokwa jasho zaidi. Anatupa makaa pale hasa moto ulipopungua, huku jicho lake moja liko kwenye kioo cha maji, kwa maana bati la juu la kisanduku cha moto likikosa maji, linalainika na boila linaweza kulipuka. Kwenye bati hilo hutiwa kizibo cha risasi, kitakachoyeyuka kwanza na kumwaga mvuke juu ya moto kama onyo la mwisho. Wajukuu wa wafanyakazi wa BCK wamesikia kwamba babu alikuwa mtu wa reli. Wangemwona kijana wa leo akifanya kazi ile mbele yao, kwa joto lake na hatari zake, wangejua alirudi nyumbani amechoka kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba treni za namna hii ni anasa ya wageni. Hawajakosea walipotazama. Kusini kwetu, Livingstone kuna makumbusho ya reli katika uwanja wa kampuni ya zamani ya kupasua mbao ya Zambesi Saw Mills, na kuna treni ya mvuke ya kifahari inayowabeba watalii wakila chakula cha jioni kuelekea daraja la Victoria Falls. Vitambaa ni vyeupe, bei ni ya dola, na mwenyeji wa Livingstone huiona zaidi akiwa amesimama kando ya njia. Biashara hiyo inafaa pale kwa sababu maporomoko yanawaleta watalii kwa ndege kila siku. Lubumbashi haina maporomoko, na wageni wake wengi ni watu wa migodi wanaokwenda Kolwezi kesho yake. Tukiiga Livingstone tutakuwa na treni nzuri isiyo na abiria. Tulicho nacho ni mji mkubwa wenye watoto wengi na mahali pachache pa kuwapeleka. Bustani ya wanyama ya Lubumbashi imethibitisha hilo: iliharibika vibaya katika miaka ya shida, ikafufuliwa, na familia zikarudi, zikiwa na vyakula vyao na nguo zao za Jumapili. Wateja wapo, nao ni wenyeji. Tiketi lazima iwe ya faranga na ya bei ambayo baba wa watoto watano hataipigia hesabu mara mbili. Faida ipatikane kwa wingi wa watu na kwa vinywaji, kama wanavyofanya wale wa milima ya Carolina.

Pingamizi zito zaidi ni la kumbukumbu. Reli hii, watasema, ililetwa na mkoloni kubeba mali ya Katanga kwenda kwao, ikajengwa kwa mikono ya watu ambao hawakuulizwa, na mabehewa yake yalikuwa na daraja la wazungu na daraja la watu weusi. Je, tuwapeleke watoto wakaishangilie? Swali ni la haki. Hata hivyo, linaishia mapema mno, kwa sababu jeraha kubwa zaidi la reli ya Katanga halikuachwa na Wabelgiji. Njia ya BCK ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya sasa, mwaka 1928, ilikuwa imeiunganisha Kasai na migodi, na kwa miongo mingi familia kutoka Kasai zikapanda treni kuja kufanya kazi Likasi, Kolwezi na Élisabethville. Watoto wao wakazaliwa huku, na wajukuu pia. Mwaka 1992 na 1993 wengi wa wajukuu hao wakafukuzwa kama wageni. Maelfu kwa maelfu wakapiga kambi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, wakalala chini ya maturubai kwa miezi wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Njaa na magonjwa vikawaua watu stesheni na njiani. Reli iliyowaleta babu zao iliwaondoa wao. Yeyote atakayejenga bustani ya treni Lubumbashi na kuweka maputo bila kulisema jambo hili atakuwa amejenga uongo, na watu wengi wa mji watautambua siku ya kwanza, kwa sababu bado wapo, baadhi wamerudi, na majirani zao wa wakati ule wapo pia.

Ila kukataa kujenga hakuliponyi jambo hilo, na Lubumbashi ni miongoni mwa miji ya Afrika iliyozoea kuyatazama mambo yake machungu hadharani. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora humu humu picha takriban 100 za historia ya nchi na kuzieleza kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, bila kumbembeleza mtawala wa zamani wala wa wakati wake. Mwaka 2000 wanahistoria wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wakaanzisha mradi wa kumbukumbu za mji, wakakusanya vyombo na simulizi kutoka majumbani mwa watu na kuvionyesha kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Kitabu kilichofuata mwaka 2001 kilibeba neno Ukumbusho katika jina lake. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, akachukua picha za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni na kuzisimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya leo, na tangu 2008 maonyesho ya Picha yameleta wasanii wa mataifa mengi kutazama mji huu kwa jicho hilo. Mji wenye watu hawa hauwezi kudai kwamba haujui namna ya kuweka ukweli na sanaa mahali pamoja. Wale wa Tweetsie walichagua kofia za kikauboi kwa sababu ndizo zilizouzika mwaka 1957. Sisi tunaweza kuchagua behewa la daraja la chini lenye mbao zake ngumu, na ndani yake sauti za waliolipanda, wakiwemo waliolipanda mwaka 1993. Mtoto mdogo atapita akikimbilia kichwa cha treni, na hapo hakuna kosa. Kijana wa miaka kumi na minne atasimama. Mahali pa familia lazima pawe na cha kumpa kila umri, na katika hilo bustani ina nafasi kuliko makumbusho, kwani familia inakaa humo kutwa nzima.

Pingamizi la tatu ni la tumbo, na ndilo linalostahili unyenyekevu. SNCC ina mtandao wa takriban kilomita 3,600, sehemu kubwa ikiwa imechakaa. Wafanyakazi wake wamepitia vipindi virefu bila mishahara. Safari ya abiria inaweza kuchukua siku nyingi kuliko ratiba. Machi 2022, huko Buyofwe katika mkoa wa Lualaba, treni ya mizigo ilianguka na kuua zaidi ya watu 70, wengi wao wakiwa wamedandia kwa kukosa usafiri mwingine. Mbele ya vifo hivyo, kuzungumzia treni ya kuchezea kunaonekana kama kejeli. Kungekuwa kejeli kweli kama fedha za mataruma na breki za njia kuu zingechukuliwa kununulia rangi ya kichwa cha maonyesho. Bustani haipaswi kugusa hata faranga moja ya bajeti ya usafiri. Inaweza kuendeshwa na mji au mkoa, au na kampuni za madini zinazodaiwa na sheria kuchangia maendeleo ya wenyeji, au na mfanyabiashara mwenye subira. SNCC ikatoa kile ambacho tayari kinashika kutu uani kwake. Zaidi ya hapo, nina wasiwasi na hoja ya kwamba maskini wangoje hadi kila kitu kitengemae ndipo wafurahi na watoto wao. Hoja hiyo haiambiwi baa wala uwanja wa mpira wa TP Mazembe. Raia aliyeonyeshwa akiwa mtoto kwa nini breki lazima ishike kila behewa, na kwa nini kokoto chini ya mataruma zisipokaa vizuri njia inajipinda, atakuwa na maswali makali zaidi kwa wakubwa wa reli kuliko asiyewahi kuonyeshwa.

Juu ya usalama wa mtambo wenyewe sitachukua nafasi kubwa, maana majibu yanajulikana. Boila hukaguliwa na mtaalamu asiye mwajiriwa wa mwenye bustani, hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa shinikizo la juu kuliko la kazi, na likivuja halitumiki. Vali za usalama huwekwa mbili ili moja ikikwama nyingine ifunguke. Mwendo ni wa kukimbia kwa mtu mzima, si zaidi. Ugumu ulio wa Katanga hasa uko juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1952 njia kati ya Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na Tenke ilitiwa umeme, kwa sababu mabwawa ya mkoa yalikuwa na umeme mwingi na makaa yalikuwa ghali kuyasafirisha. Leo zaidi ya kilomita 800 zina nyaya. Hatua hiyo ya mapema ndiyo iliyouondoa mvuke kwenye njia kuu, wakati jirani zetu wa Benguela waliendelea kupanda misitu ya mikaratusi ili kupata kuni za treni zao. Sasa kichwa cha mvuke chini ya waya wenye volti maelfu ni hatari kwa mtu yeyote anayepanda juu ya tangi kujaza maji au kusawazisha makaa, na watoto hupanda popote. Ndiyo maana wazo la kupitisha treni ya Jumapili kwenye njia ya kawaida kuelekea Kipushi au Likasi, zuri masikioni, halifai. Kinachofaa ni kizingo chake chenyewe, mbali na nyaya, ambacho kichwa kitakizunguka bila kuhitaji kugeuzwa.

Kizingo nacho kinaamua ukubwa wa kichwa. Mitambo mikubwa iliyovuta treni za shaba inataka mapindo mapana, yaani ardhi kubwa, na ardhi ya Lubumbashi haipatikani kirahisi. Kichwa kidogo cha kusukuma mabehewa kwenye yadi za migodi kinatosha. Hakina umbo la kutisha, lakini kinapita kwenye mapindo makali, kinakula makaa kidogo, na kwa mtoto kinatoa moshi ule ule. Kisipopatikana hapa katika hali ya kufufuliwa, jiografia inatusaidia: upana wa reli yetu, milimita 1,067, ndio upana wa Zambia na Zimbabwe, kwa hiyo kichwa au fundi wa boila anaweza kutoka Bulawayo, ambako makumbusho ya reli na mafundi wa mvuke wangalipo, na kuja hadi Lubumbashi juu ya njia ile ile iliyokileta kichwa cha kwanza mwaka 1910. Makaa yalichimbwa Luena, katika uliokuwa mkoa wa Katanga. Mabehewa ya zamani yanahitaji seremala na mchomeleaji vyuma, na mji huu una wachomeleaji wa kutosha kuuza nje.

Kisichoweza kuagizwa Bulawayo ni watu. Aliyekuwa na miaka 20 akilisha moto kwenye njia zisizo na umeme mwaka 1970 amevuka 75 sasa. Bado wapo wazee wa aina hiyo, Makomeno, Kamina na Kalemie, wanaojua makaa ya Luena yalivyowaka ukilinganisha na ya Wankie kule Zimbabwe, mabomba ya kujazia maji yalisimama stesheni zipi, mlima gani ulihitaji kichwa cha pili nyuma, na honi ilipigwa vipi kumwambia mke kwamba mume ameingia mjini. Yeyote anayefikiria bustani hii, awe meya, kampuni au chuo kikuu, aanze nao kabla ya kununua msumari mmoja wa reli, awarekodi kwa Kiswahili chao, mmoja mmoja, na kuwalipa kwa muda wao. Mchoro wa kizingo unaweza kusubiri mwaka mwingine.